Nanasi la Idjwi na Maziwa Tuliyoyasingizia

Juma hili hatuwaletei habari za mkutano wala za michango. Tunawaletea habari ya safari yetu ya siku mbili kwenda kisiwa cha Idjwi, na ya sufuria moja ya maziwa iliyotutia haya. Mwishoni mtapata namna ya kutengeneza maziwa ya matunda nyumbani, bila frigo na bila umeme. Tungeweza kuanza na hapo, lakini mngekosa kujua kwa nini tunawaambia mpike nanasi kwanza. Jambo hilo tulijifunza kwa gharama, na aliyelipa gharama si sisi.

Yote yalianza tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Tulikuwa tumekubaliana katika kikundi kwamba mwaka huu watoto wetu hawatapewa zile chupa za maji ya rangi na sukari. Tulitaka wanywe kitu chenye nguvu: maziwa yaliyochanganywa na nanasi. Tulinunua litri 5 za maziwa kwa mama mmoja anayepita mtaani kwetu kila asubuhi na bidoni yake. Tuliyachemsha vizuri, tukayaacha yapoe. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, kwa hiyo mashine ya kusaga matunda haikutusaidia. Tulimenya mananasi 4, tukayaponda katika kinu, tukachuja, tukachanganya na maziwa saa mbili asubuhi. Tulionja. Yalikuwa matamu sana. Tukafunika sufuria, tukaenda kuvaa vitenge vyetu kwa maandamano.

Tuliporudi saa sita, watoto walikuwa wamepanga foleni na vikombe mkononi. Tulifunua sufuria, tukakuta mabonge meupe yanaelea juu ya maji ya manjano. Tukaonja tena. Yalikuwa machungu kama dawa ya malaria. Tukamwaga yote chini ya mgomba, na watoto wakanywa maji ya rangi na sukari.

Hakuna aliyeuliza mara mbili kosa ni la nani. Tulisema ni la mama wa maziwa. Mmoja wetu alisema ametia maji. Mwingine akasema amechanganya maziwa ya jana na ya leo. Sisi tuliosoma, wenye diploma ya ualimu, tulikuwa wa kwanza kutikisa kichwa na kusema ndivyo ilivyo. Alipokuja jioni kuchukua pesa iliyobaki, tulimnyima. Alisimama mlangoni na bidoni yake, akasema, "Wamama, maziwa haya nimeyauza leo katika nyumba nyingine sita. Hakuna aliyelalamika." Tulimjibu kwamba hao wengine labda wana bahati. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba maziwa yake ni mabaya. Tuliosema ni sisi.

Basi, tuje kwenye safari.

Wakati wa likizo ya Pasaka, kikundi kilituma watu wanne kwenda Idjwi. Hatukwenda kutembea tu. Nanasi tunalonunua hapa Bukavu limeshapita mikono mitatu au minne kabla ya kutufikia, na kila mkono unaongeza bei. Tulitaka kuona kama tunaweza kununua kwa wakulima wenyewe na kuuza hapa, faida iingie katika sanduku letu.

Tulifika Beach Muhanzi saa kumi na moja alfajiri. Kwa wale ambao hawajawahi kufika pale mapema, ni vema mwende siku moja. Boti zinashusha makala, ndizi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, na mananasi yaliyopangwa kama matofali. Wamama wanaingia majini hadi magotini kupokea mizigo. Mwenye boti alitupa jile, yale makoti ya kuelea majini. Zilikuwa chache kuliko abiria. Tulikataa kupanda mpaka zilipoletwa nyingine, na watu wengine walituchukia kwa kuwachelewesha. Tunawaomba na ninyi mfanye vivyo hivyo. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, lakini kila mwaka linachukua watu wetu, na wengi wao walikuwa hawana jile.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Tulipishana na wavuvi wa sambaza wakirudi nyumbani, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga kasia kwa wimbo mmoja. Tuliwakumbusha vijana tuliokuwa nao kwamba sambaza tunayoiita samaki yetu ililetwa hapa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1960. Mtoto mmoja ndani ya boti alishangaa kusikia kwamba mzee wake mkubwa alikua bila kuonja sambaza.

Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa yote ya Afrika, baada ya Ukerewe wa Ziwa Viktoria nchini Tanzania. Kutoka mbali unaona mgongo mrefu wa milima ya kijani, na unadhani umefika, lakini boti inaendelea kukata maji na mlima unazidi kurefuka. Tulishuka katika bandari ndogo upande wa kusini. Magari ni machache sana kisiwani. Ukiwa na pesa unapanda pikipiki, na ukiwa huna unatembea. Tulitembea, kwa sababu pesa ilikuwa ya mananasi.

Kila kipande cha udongo kimelimwa. Chini ya migomba kuna maharagwe, pembeni ya maharagwe kuna kahawa, na pahali mlima unapoinama sana, pale ambapo mvua ingebeba udongo wote hadi ziwani, kuna safu za mananasi. Mkulima mmoja alitueleza kwamba unapanda chipukizi, unasubiri karibu mwaka mmoja na nusu, na shina linakupa tunda moja tu. Baadaye machipukizi ya pembeni yanazaa yao. Tulikaa kimya kidogo tuliposikia hayo. Tunda tunalobishania bei sokoni kwa dakika mbili limekaa udongoni muda mrefu kuliko mtoto anavyokaa tumboni.

Alitufundisha pia kuchagua. Msiangalie rangi peke yake, alisema. Nuseni chini, pale lilipokatwa. Likinukia utamu, limeiva. Likinukia pombe, limepita. Kama halinuki kitu, msilinunue mkidhani litakuwa tamu nyumbani, maana nanasi likishakatwa shambani haliongezi utamu tena. Linabadili rangi na kulainika, basi.

Mchana jua lilipokuwa kali, tulikaribishwa katika nyumba ya koko mmoja, mama mzee anayekata mananasi na kuyauza vipande vipande siku za soko. Ana ng'ombe mmoja. Alitupa vikombe vya kinywaji cha rangi ya manjano hafifu, kizito kidogo, na tulipoonja tulitazamana. Kilikuwa maziwa na nanasi. Kilikuwa kitamu, hakikuwa na mabonge, na koko alisema amekitengeneza tangu asubuhi.

Tulimuuliza, "Koko, maziwa haya hayakuharibika?"

Akacheka. "Kwa nini yaharibike, Mama Mwalimu? Nanasi nimelipika."

Hatukuelewa. Akatuonyesha mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa laini na nyekundu, ngozi imeliwa, kama ya mtu aliyefua kwa sabuni kali juma zima. Akasema, "Hii ni kazi ya nanasi. Nanasi lina meno. Linakula ulimi, linakula vidole. Litashindwaje kula maziwa? Ukilipika, meno yanatoka. Likiwa bichi, kunywa hapo hapo kabla halijaanza kutafuna."

Wamama, sisi wanne tuliinamisha vichwa. Hakuna aliyetaja jina la mama wa maziwa, lakini wote tulikuwa tunamwona amesimama mlangoni na bidoni yake.

Aliyoyasema koko tunayafundisha darasani kwa maneno mengine. Tunawaambia watoto kwamba tumboni mna vimeng'enya, vitu vinavyovunja chakula vipande vidogo ili mwili ukitumie. Nanasi bichi lina kimeng'enya chake, kinaitwa bromelini. Kinavunja protini, na maziwa yana protini nyingi. Kwanza maziwa yanaganda, na kadiri muda unavyopita yanakuwa machungu. Papai nalo lina ndugu yake, papaini. Wengi wenu mnalijua hilo bila kujua jina lake: nyama ya ng'ombe mzee ikikataa kuiva, mnatia kipande cha papai bichi na inalainika. Moto unaua vimeng'enya hivyo vyote. Ndiyo maana nanasi lililopikwa haliwashi ulimi. Tulikuwa na habari hizi kichwani tangu shuleni, na siku ya kuhitajika hazikutoka.

Tulilala kisiwani usiku huo na kurudi alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamsha ziwa. Tulileta mananasi 120. Njiani tulikubaliana kwamba hatutaamini maneno tu, hata ya koko. Tulishaamini maneno mara moja, na tulikuwa tumeona matokeo yake.

Nyumbani tulifanya jaribio ambalo kila mmoja wenu anaweza kulirudia. Tulichukua vikombe vitatu. Tulimtuma mtoto akanunue maziwa kwa mama yule yule, tukayachemsha, tukayapoza. Katika kikombe cha kwanza tulitia maziwa peke yake. Katika cha pili, maziwa na nanasi bichi lililopondwa. Katika cha tatu, maziwa na nanasi lililopikwa na kupozwa. Tulivifunika na kusubiri saa tatu. Maziwa ya kikombe cha kwanza yalikuwa mazima kabisa. Ya pili yaliganda na kuwa machungu, yale yale tuliyoyamwaga Machi 8. Ya tatu tuliyanywa.

Maziwa hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu.

Tulimwita mama wa maziwa katika mkutano wa Jumamosi, mbele ya wamama wale wale waliosikia tukimsema. Tulimwonyesha vikombe vitatu vipya, tukamwachia aonje mwenyewe. Tukamlipa pesa tuliyomnyima, tukaomba msamaha. Alionja kikombe cha pili, akatema, akatabasamu kidogo. Kisha akasema, "Aksanti kwa kuniita mbele za watu, maana mbele za watu ndipo mliponivunja. Lakini mjue kwamba binti yangu amekaa nyumbani tangu Machi."

Hatukujua. Binti yake yuko sekondari, na pesa ya shule ilitoka katika bidoni ile. Nyumba nyingi za mtaa wetu ziliacha kununua kwake, na alipokosa pesa, binti alirudishwa. Alikosa mitihani ya kipindi. Faida ya mananasi ya kwanza, yote, tuliitoa kwa ajili ya shule yake, na sasa amerudi darasani. Mitihani aliyoikosa hatuwezi kumrudishia. Tunamsaidia jioni masomo ya hesabu na Kifaransa, kwa sababu hilo liko katika uwezo wetu.

Kuna nyumba ambazo hazijarudi kununua kwake mpaka leo. Ndiyo maana tumeona tuandike habari hii hapa, pahali inaposomwa na wengi. Kila aliyesikia kutoka kwetu kwamba maziwa yale ni mabaya, asikie pia kutoka kwetu kwamba yalikuwa mazuri.

Sasa tuje jikoni.

Maziwa ya nanasi kwa vikombe 6

Mtahitaji litri 1 ya maziwa, nanasi 1 la kadiri lililoiva, ndizi mbivu 2, na kipande kidogo cha tangawizi kama mnapenda. Sukari si lazima. Nanasi la Idjwi likiwa limeiva, pamoja na ndizi, linatosha. Mkiona lazima, tieni vijiko 2 vya chakula, si zaidi.

Kwanza, chemsheni maziwa, hata kama aliyewauzia amesema ameyachemsha. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba inayotoka kwa ng'ombe. Yakipanda, punguzeni moto, koroga, acheni yaendelee kutokota dakika chache. Wengine wameuliza kama kuchemsha kunatosha huku kwetu milimani. Ni kweli kwamba ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na hapa maji yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Lakini vijidudu hivyo vinakufa hata kabla ya nyuzi 80. Msiwe na wasiwasi.

Pili, menyeni nanasi, mtoe macho na moyo mgumu wa katikati. Katakateni vipande vidogo, mtie katika sufuria na maji nusu kikombe, mfunike, mpike juu ya mbabula dakika 10. Msihesabu tangu mlipoweka sufuria. Hesabuni tangu lilipoanza kutokota. Mtajua limeiva harufu yake ikibadilika na vipande vikiwa karibu kuona ndani. Maganda msiyatupe. Yaosheni vizuri, yachemsheni na tangawizi, mtapata kinywaji kingine cha jioni.

Tatu, pozeni vyote viwili. Hapa wengi wanaharakisha na kuharibu. Nanasi lina ukali wake wa asili, na likikutana na maziwa yakiwa bado moto, yanakatika hata kama limepikwa. Wekeni sufuria mbili katika beseni la maji baridi, mbadilishe maji mara mbili. Barafu ya kununua msitie ndani ya kinywaji kama hamjui maji yake yalitoka wapi. Kuharisha na kipindupindu vinapita pia katika barafu.

Nne, pondeni nanasi na ndizi katika kinu kilichooshwa kwa maji ya moto, au kwa uma katika bakuli. Kama umeme upo na mashine ipo, vema. Chujeni kama watoto hawapendi nyuzi.

Tano, mimineni matunda ndani ya maziwa kidogo kidogo huku mnakoroga. Msifanye kinyume. Kunyweni siku ile ile. Bila frigo, tusipitishe saa tatu au nne, kwa sababu nanasi lililopikwa halina meno tena, lakini joto la mchana linayo.

Papai mfanye hivyo hivyo, mlipike kidogo kwanza, au mlichanganye na mnywe hapo hapo. Avoka na ndizi hazina shida hiyo, pondeni tu na kuchanganya. Avoka moja kwa vikombe viwili vya maziwa humshibisha mtoto kabla ya shule. Marakuja ni kali sana kwa maziwa ya kawaida. Ichanganyeni na mashanza, ambayo yameshaganda tayari, na mtie sukari kidogo.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe kinywaji hiki hata kijiko. Yeye ana maziwa ya mama yake, na hayo yanamtosha.

Mananasi yetu yanauzwa kila Jumamosi baada ya mkutano. Maziwa mtayapata kwa mama yetu, anayepita mtaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na bidoni ya kijani. Tunanunua kwake. Nendeni na ninyi.